Kurasa za Maboi: Kitabu cha Isimu Chenye Kilitoka Jikoni



Kila mwaka tunasikiaka malalamiko yale yale. Mwanafunzi wa isimu, ile tunaita lengwistiki, anachagua kuandika kazi yake ya mwisho juu ya Kiswahili cha kwetu Lubumbashi. Wiki ya kwanza tu anarudi na uso wa huzuni: "Vitabu hakuna." Sarufi za Kiswahili cha Zanzibar na Dar es Salaam anapata. Lakini kitabu chenye kueleza namna mama anauza bitoyo katika soko la komini Kenya, hicho hapana. Mwishowe anabadilisha mada, anaandika juu ya Kifaransa.

Leo nataka kuwapa historia ya maandishi moja yenye inajibu malalamiko hayo. Haikutoka kwa profesa. Ilitoka kwa maboi.

Tuanze nyuma kidogo. Mji wa Elisabethville ulizaliwa mwaka 1910, juu ya shaba. Watu wa kazi walitoka pande zote: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, hata Ruanda-Urundi. Kila mmoja alikuja na luga ya mama yake, na kazi ikawalazimisha kupata luga moja ya kusikilizana. Luga hiyo ikawa Kiswahili. Wakati huo wazungu walichapisha vitabu vidogo vya kujifunza. Johannes Fabian, mwana-antropolojia aliyefanya utafiti Katanga tangu miaka ya 1960, alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya luga na utawala wa kikoloni. Aliona jambo moja linarudia sana humo: amri. Leta maji, fanya haraka, nyamaza. Ndiyo vilikuwa vyombo vya kwanza vya kufundishia Kiswahili chetu: vitabu vya kumfundisha bwana namna ya kutuma boi. Namna boi mwenyewe anafikiri, anapanga maneno, anacheka, hiyo haikuwa ndani.

Mwaka 1956 chuo kikuu kikafunguliwa Elisabethville. Kati ya walimu alikuwa Edgar Polomé, Mbelgiji. Baada ya kuondoka alitoa kitabu kikubwa cha kufundishia Kiswahili, mwaka 1967, na mwaka 1968 akaandika makala juu ya Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe. Ilikuwa hatua kubwa. Mtu wa sayansi alikubali kwamba Kiswahili hiki kina mpango wake, na kinastahili kuandikiwa.

Lakini mwaka 1965, mbele ya makala hiyo, watu wengine walikuwa wamekwisha kuandika. Kulikuwa chama cha watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu. Kwa jina la chama hicho, André Yav alitunga maandishi ya kurasa zaidi kidogo ya 30, zilizopigwa kwa mashini. Kichwa chake kilitaja "vocabulaire" ya mji wa Elisabethville. Ukisikia hivyo unazania ni kamusi. Hapana. Ni historia ya mji na ya inchi, namna watu wa kazi waliiona: wazungu, kazi, mateso, na mambo yenye watumishi walikumbuka. Na imeandikwa katika Kiswahili kile kile chenye walikuwa wanasema.

Sasa sikilizeni sehemu yenye inatuhusu sisi. Maandishi haya yalipofika kwa Fabian, kuyasoma kwa macho peke yake haikutosha. Alama za kutenganisha sentensi zilikuwa chache, maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati. Mwenye kujua Kiswahili cha vitabu tu alikuwa anapotea. Ndipo Kalundi Mango, mwenyewe msemaji wa Kiswahili cha kwetu, akayasoma kwa sauti, na sauti yake ikarekodiwa. Sikio likaelewa kile jicho lilishindwa: hapa sentensi inaisha, hapa mutu anauliza, hapa anacheka. Mwaka 1990 kitabu kikatoka, pamoja na maandishi yenyewe, tafsiri, na maelezo ya luga yaliyoandikwa na Walter Schicho. Schicho naye alikuwa amekwisha kusoma luga yetu kupitia michezo ya kundi la Mufwankolo, ile tunajua sisi wote.

Nyinyi wenye kufundisha, angalieni utajiri wake. Kwa somo la fonolojia: mwanafunzi ajiulize kwa nini mwandishi aliunganisha maneno fulani. Mara nyingi mukono unafuata sikio. Kwa somo la sarufi: tunasema "katoto" na "tutoto", tunasema "mutu mwenye alikuja" pahali pa "mtu aliyekuja", tunasema "tunakulaka" kwa jambo la kila siku. Hiyo -aka si uvivu. Ukiisikiliza vizuri unakuta jamaa yake katika luga zetu nyingine, kama Kiluba. Kwa somo la historia ya luga: ni ushuhuda wa mwaka 1965, wenye tarehe, wa kulinganisha na namna tunasema leo.

Wengi wetu tulisikia darasani: "Hicho si Kiswahili, ni kuharibu." Siseme tuache Kiswahili sanifu. Mimi mwenyewe nakihitaji, na mutihani utakiuliza. Lakini kusema luga fulani haina kanuni, bila kuichunguza, si isimu. Ni zarau tu. Daktari hakatai kupima mugonjwa juu ya nguo zake.

Na kuna jambo linaniuma. Maandishi ya maboi wa hapa yalipata kitabu kule Ulaya. Sina hasira na wenye kuyachapisha, tuwape shukrani, bila wao pengine yangepotea. Lakini ni wangapi kati yetu tumeyasoma? Na ufunguo wa kuyafungua ulikuwa nini? Si mashini ya bei kali. Ilikuwa sauti ya mutu wa kwetu mwenye kusoma kwa makini. Ufunguo huo uko katika kinywa cha kila mmoja wenu.

Basi, mwanafunzi mwenye kusema "vitabu hakuna", anza hivi. Babu aliyefanya kazi Gécamines bado yuko? Omba ruhusa yake, weka telefone mbele yake, acha aseme nusu saa. Andika kila neno kama alivyosema, usimusahihishe. Andika tarehe, pahali, na umri wake. Kisha umusomee kwa sauti, asikie kama ni yeye kweli. Hiyo tayari ni kazi ya isimu, na kesho ni chombo cha mwalimu mwengine.

Wale wazee wa mwaka 1965 hawakungoja profesa. Sisi wenye diploma tunangoja nani?