Wakfu na Majengo ya Umma katika Pwani ya Waswahili

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, aliyejenga msikiti au kuchimba kisima mara nyingi alikuwa akijiandalia safari ya akhera. Mafundisho ya Kiislamu yanaeleza kuwa binadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea dua. Kwa tajiri aliyejua kwamba hataondoka na mali yake, hiyo sadaka jaria ilikuwa njia ya kuendelea kupata thawabu akiwa kaburini.

Desturi hii ni ya zamani. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kando ya misikiti mingi ya kale yapo makaburi ya nguzo, kama yale ya Malindi na Kunduchi. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi yalipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China yaliyopachikwa kwenye lipu. Kaburi moja la Gedi lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Makaburi hayo yaliwatukuza wenyewe. Msikiti na birika lake la udhu viliwahudumia watu wote, na hapo ndipo hofu ya mauti ilipozaa manufaa makubwa zaidi.

Lakini jengo la chokaa na boriti za mikoko huhitaji matunzo, na aliyelijenga hatakuwepo kuyagharimia. Wakfu ulitatua tatizo hilo. Mtu alifunga shamba la minazi, nyumba au duka kwa ajili ya msikiti; tangu siku hiyo mali ile haikuuzwa, haikurithiwa wala haikutolewa zawadi. Msimamizi alikusanya mapato, akanunua mafuta ya taa, mikeka, kamba na ndoo za kisima, akamlipa imamu na kukarabati dari. Utaratibu huu unastahili kusifiwa kuliko hata ufundi wa waashi, kwa kuwa bila shamba nyuma yake msikiti ulitegemea huruma ya wapita njia.

Sheria nayo ilimhimiza mtu asingoje. Wosia hauwezi kuvuka theluthi moja ya mali, na kinachotolewa katika maradhi ya mauti hufuata kipimo hichohicho ili warithi wasidhulumiwe. Aliyetaka kutoa zaidi alipaswa kutoa akiwa mzima.

Karne ya 19 Unguja ilikuwa na fedha nyingi za karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na ilikuwa na vifo vingi pia. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi kifo chake mwaka 1888, aliuletea mji maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje ya mji. Tharia Topan, mfanyabiashara Mwismaili aliyetoka Kutch, alianza kujenga hospitali ya hisani mbele ya bandari mwaka 1887. Ilikuwa pia heshima kwa jubilei ya Malkia Victoria, maana nia ya mtoaji mara chache huwa moja. Alifariki mwaka 1891 jengo likiwa halijakamilika, na mjane wake akalimaliza mwaka 1894. Baadaye sehemu yake ya chini ilitumika kama zahanati.

Wakati huohuo serikali za kikoloni zilianza kuingilia wakfu. Uamuzi wa mahakama ya juu ya rufaa mjini London katika kesi ya Bengal, mwaka 1894, ulibatilisha wakfu uliowanufaisha kwanza wazao wa mtoaji, na ukafuatwa hata Afrika Mashariki ingawa wanazuoni wa pwani waliuona wakfu huo kuwa halali. Ulikuwa uamuzi wa watu wasioielewa desturi: kuwatunza watoto nako ni sadaka. Usimamizi uliwekwa chini ya makamishna, na hadi leo Kenya na Zanzibar zina kamisheni za wakfu zinazosimamia mashamba na nyumba zilizotolewa na watu waliokwisha kufa miaka mingi iliyopita.