Siku mabomba ya San Francisco yalipokauka

Dennis Sullivan, mkuu wa zimamoto wa San Francisco, aliwasumbua wakubwa wa jiji kwa miaka mingi kuhusu maji ya akiba. Bahari iko pande tatu, aliwaambia. Basi wekeni pampu za kuvuta maji ya chumvi, fufueni na mabirika ya zamani yaliyozikwa chini ya barabara tangu miaka ya 1850. Hawakumsikiliza. Oktoba 1905 wakaguzi wa bima nao waliandika kwamba jiji lile lililojaa nyumba za mbao lilikuwa limekiuka kanuni zote kwa kutoteketea hadi siku hiyo.

Jumatano ya Aprili 18, 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, ardhi ilitikisika. Matofali ya hoteli ya jirani yalitoboa paa la kituo alikolala Sullivan, naye akatumbukia chini. Alifariki siku 4 baadaye.

Mara baada ya mtikisiko, vijana wake walifunga farasi kwenye mashine za mvuke za kusukuma maji, wakaenda. Kengele za kuitana zilikuwa zimekufa, kwa hiyo walifuata moshi. Walipofika waliunga mpira, wakafungua bomba la mtaani: maji kidogo, kisha hakuna. Mabomba makuu yalikuwa yamekatika ardhini, na moto ulikuwa umeshashika sehemu zaidi ya 50.

Asubuhi hiyohiyo, mtaa wa Hayes, mama mmoja aliwasha jiko apike kifungua kinywa. Dohani ilikuwa imepasuka kwa tetemeko. Moto uliotoka jikoni kwake ulimeza mitaa kwa mitaa, na hadi leo unaitwa moto wa nyama na mayai.

Maji yalipokosekana, zikaja baruti. Jenerali Frederick Funston aliingiza wanajeshi, nyumba zikalipuliwa ili moto ukose pa kurukia. Wazo lenyewe si baya, ila wengi wa waliolipua hawakuijua kazi, na mara kadhaa mlipuko uliwasha moto mpya. Moto ulikuja kuzuiwa kwenye barabara pana ya Van Ness.

Katika eneo la Mission, bomba moja tu kwenye kona ya mtaa wa 20 na Church ndilo lililokuwa na maji. Farasi walikuwa wamechoka, hivyo wakazi waliivuta mashine wenyewe kupanda kilima. Bomba hilo hupakwa rangi ya dhahabu kila Aprili 18.

Moto uliwaka siku 3. Majengo kama 28,000 yaliangamia, na watu wapatao 3,000 wanakadiriwa kufa. Wenye nyumba wengi walishikilia kwamba zao ziliharibiwa na moto, si tetemeko. Bima ililipa moto tu.

Kufikia 1913 jiji lilikuwa limejenga alichokiomba marehemu Sullivan: mabomba ya pekee ya zimamoto, hifadhi ya maji kwenye kilima cha Twin Peaks, pampu za bahari, na mabirika mapya. Ukiona duara la matofali katikati ya njia panda, chini yake kuna birika.

Oktoba 17, 1989 tetemeko lilirudi. Hata mabomba hayo ya pekee yalivunjika mahali kadhaa, na mtaa wa Marina ukashika moto. Meli ya zimamoto iitwayo Phoenix ilitia nanga karibu, wakazi wakasaidiana na askari wa zimamoto kuburuta mipira barabarani, na moto ukazimwa kwa maji ya chumvi.