Dawa za Kulevya na Ugaidi: Somo la Historia

Ugaidi na biashara ya dawa za kulevya si kitu kimoja, lakini vyote viwili hunawiri penye vita. Miaka ya 1980 madola makubwa yaliigeuza Afghanistan uwanja wa silaha, na kilimo cha afyuni kikapanuka. Katika vita hivyo ilizaliwa Al-Qaida, ambayo tarehe 7 Agosti, 1998 iliua watu 11 Dar es Salaam na 213 Nairobi. Taliban nao walitoza ushuru wa afyuni, na heroini ya huko ikavuka bahari hadi pwani yetu.

Kada wa Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, asidhani hayo yalikuwa mbali naye: aliyenunua kete aliongeza senti katika ushuru huo. Hata hivyo, adui wa umma si teja, bali tajiri anayemuuzia. Balozi wa nyumba kumi amwokoe wa kwanza, amfichue wa pili.