Chapa na muhuri

Ukifika kijiji cha Endulen siku ya kupiga mifugo chapa, utaijua kwa harufu. Chuma cha moto kinagusa paja la ndama, manyoya yanaungua, na alama ya ukoo inabaki hapo mpaka mnyama azeeke.

Neno chapa lilitoka Bara Hindi. Tukalipeleka kwenye ngozi, kwenye karatasi, hadi kwenye pakiti ya majani ya chai. Muhuri tumeupata kwa Waarabu, na kazi yake ni kuthibitisha. Barua ya mtendaji wa kata isiyo na muhuri haipokelewi.

Sasa mtoto anachonga nusu ya kiazi, anaichovya kwenye rangi na kujaza nyota ukurasa mzima wa daftari lake. Hiyo naiita chapa. Hathibitishi kitu, anapamba, na anapamba vizuri.

Na ile karatasi ngumu iliyotobolewa umbo, unayoipaka rangi kwa juu? Wachora mabango huiita stensili, neno lilelile la walimu wetu wa zamani. Nalitetea kwa moyo wote. Waliofanya mitihani iliyotolewa kwa stensili bado wanaikumbuka harufu ya wino wake.