Kibarua wa Tolpuddle: Imani, Ujira na Familia Moja

Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anawaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Wakristo wengi tumelisikia neno hilo likisomwa. Wachache wamelilipia gharama kama George Loveless, kibarua wa shamba katika kijiji cha Tolpuddle, mkoa wa Dorset, kusini mwa Uingereza.

Loveless alizaliwa mwaka 1797. Kazi yake ilikuwa kulima kwa jembe la kukokotwa na farasi katika mashamba ya watu. Alijitahidi kusoma, akajikusanyia vitabu vichache vya dini, na siku za Jumapili alihubiri katika makanisa madogo ya Wamethodisti, ingawa hakuwa mchungaji. Mkewe, Elizabeth, aliitwa Betsy, nao walikuwa na watoto watatu wadogo. Mdogo wake James alihubiri pia. Dada yao Dinniah aliolewa na Thomas Standfield, kibarua na Mmethodisti kama wao. Ilikuwa familia ya watu maskini, waliojulikana kijijini kwa kazi na sala.

Mnamo miaka ya 1830 vibarua wa sehemu za jirani walilipwa shilingi 10 kwa juma. Vibarua wa Tolpuddle waliomba walipwe vivyo hivyo. Loveless ameandika kwamba wenye mashamba waliahidi, na kasisi wa parokia akasema mbele ya watu kuwa yeye ni shahidi wa ahadi hiyo. Lakini ujira ulishuka kutoka shilingi 9 hadi 8, kisha 7, na wakaambiwa wajiandae kupokea 6. Vibarua walipomwendea kasisi awe shahidi wao, akakana kwamba alisema neno lolote.

Ndipo mwaka 1833 wakaunda chama cha kusaidiana, wakikutana nyumbani kwa Standfield. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na mchango peni moja kwa juma. Msomaji atambue kwamba utaratibu huu hawakuuokota njiani. Katika vikundi vyao vya Kimethodisti walikwisha kuzoea kutoa peni kila juma, kusimama na kusema mbele ya wenzao, na kuulizana hali. Kanisa liliwafunza kuomba pamoja, na humo humo wakajifunza kutetea haki pamoja.

Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeruhusiwa tangu mwaka 1824. Kwa hiyo hakimu James Frampton, aliyekuwa pia mwenye ardhi kubwa, alitafuta njia nyingine. Wanachama walikula kiapo cha siri walipoingia, naye akatumia sheria ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya maasi ya wanamaji, iliyokataza viapo vya namna hiyo. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1834 wanaume sita walikamatwa: George na James Loveless, Thomas Standfield na mwanawe John, James Hammett na James Brine. Hawakukimbia wala kupigana. Walitembea na askari hadi Dorchester. Mahakamani Loveless alijitetea kwamba hawakumdhuru mtu wala mali ya mtu, ila waliungana ili wao, wake zao na watoto wao wasife njaa. Wakahukumiwa miaka 7 katika makoloni ya wafungwa huko Australia.

Hukumu hiyo iliwaangukia pia waliobaki. Wanawake walipoomba msaada wa parokia, ambao maskini wote waliutegemea, Frampton aliwanyima, akidai kwamba waliokuwa na fedha ya kulipia chama hawahitaji msaada. Dinniah Standfield alipoteza kwa siku moja mume, mwana na kaka zake wawili. Waliowalisha watoto hao ni wafanyakazi wa mijini, waliochanga fedha kupitia kamati iliyoundwa London.

George alitengwa na wenzake, akapelekwa peke yake kisiwa cha Tasmania, ambako alifanya kazi katika genge la wafungwa. Katika barua zake alimtia moyo Betsy amtegemee Mungu, naye hatawaacha. Baada ya watu wengi kuandamana na kupeleka maombi bungeni, msamaha ulitolewa mwaka 1836. Hata hivyo Loveless hakurukia meli. Alikuwa amemwandikia mkewe amfuate, akaogopa kupishana naye baharini. Alingoja mpaka alipopata hakika kwamba Betsy hajaondoka, akarudi Uingereza Juni 1837.

Baadaye watano kati yao walihamia Kanada na familia zao. James Brine alikuwa amemwoa Elizabeth, binti ya Thomas na Dinniah. Hammett peke yake alirudi kuishi Tolpuddle, akafa mwaka 1891 katika nyumba ya maskini.

Wako wanaosema kwamba Mkristo hana budi kutii mamlaka, wakitaja Warumi 13, na kwamba mambo ya mishahara si ya madhabahuni. Loveless aliitii mamlaka mpaka minyororoni, lakini hakukubali kwamba utii unamlazimu kunyamaza mtoto wake akilala na njaa. Aliporudi aliandika kitabu kidogo akaeleza yote waziwazi.

Katika habari hii watu wa kanisa wako pande zote mbili. Kasisi na kibarua walisoma Biblia moja. Mmoja aliombwa neno moja tu la ukweli, akalizuia. Mwingine alilisema, akapelekwa ng'ambo. Nasi tunao majirani wanaofanya kazi mashambani na majumbani mwetu. Siku watakapotuomba tushuhudie ahadi waliyopewa, au watakapodai ahadi tuliyowapa sisi wenyewe, Bwana atusaidie tusiikane.