Mikopo chechefu

Kila benki inapotangaza hesabu zake za mwaka, neno hili halikosekani: mikopo chechefu. Wengine husema "mikopo isiyolipika". Ni wazi zaidi, lakini haina ladha. Chechefu, masikioni mwangu, inakaa jirani na kichefuchefu, na meneja wa mikopo hatanibishia.

Mkopo hauitwi chechefu kwa kuchelewa wiki moja. Kwa kawaida marejesho hukwama siku 90. Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekopa milioni 10, mzigo ukakwama bandarini. Zikipita siku hizo, benki huacha kuihesabu riba yake kama mapato, kisha hulazimika kutenga fedha kufidia hasara inayoweza kutokea. Fedha hizo hukatwa kwenye faida, hata kama dhamana ya nyumba bado ipo.

Ndiyo maana benki yenye wateja wengi na riba nono yaweza kufunga mwaka mikono mitupu. Benki Kuu ya Tanzania inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Ukisoma hesabu za benki yako, anza na asilimia hiyo. Faida itafuata baadaye.