Kutoka shamba la mbolea mpaka ku roho ya mutu

Bandugu, tangu vita, hapa Goma kila mutu ako na dawa ya roho: maombi, ushauri, mafunzo, muda. Na kila mumoja anasema: "Ya kwangu njo inaponyesha." Tutajuaje?

Sisi wa agronomia tunajua njia moja. Unakata shamba vipande, unapiga kura: huku mbolea, kule hapana. Ukitia mbolea fasi yote, mavuno yakiwa mazuri, ni mbolea ao ni mvua? Ronald Fisher njo alipanga hii akili, kisha kuingia ku kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Ku kitabu chake cha 1935 alifundisha hipoteze ya sifuri: anza kwa kusema dawa yako haileti tofauti, halafu uache jaribio likukatalie.

Nilizani hiyo ni ya mihogo tu. Kumbe hapa kwetu Kivu waliifanya ku roho za watu. Timu ya Judith Bass, wa Johns Hopkins, Marekani, ilipigia kura vijiji 16 vya wanawake waliobakwa. Hakuna aliyeachwa bure: vijiji fulani vilipata msaada wa mumoja-mumoja, vingine vikapata tiba ya mazungumzo, kikao 1 cha peke na 11 vya kikundi. Kijiji 1 kilitolewa juu ya mashaka ya uwezo wa musaidizi. Vikabaki 7 vya tiba (wanawake 157) na 8 vya msaada (wanawake 248). Walipima kwa maswali juu ya dalili zao.

Matokeo yalitoka 2013. Muangalie vizuri: pande zote mbili zilipata nafuu! Bila kulinganisha, kila upande ungejisifu. Lakini kisha miezi 6, wenye dalili kali za huzuni ao wasiwasi walikuwa 42 kwa 100 upande wa msaada, 9 kwa 100 upande wa tiba. Jibu liko mu ile tofauti, haliko mu nafuu yenyewe.

Na hawakuficha udhaifu: waliomaliza vipimo vyote 3 ni 65 kwa 100 upande wa tiba, 52 upande wa msaada. Wale wengine walipona ao walizidiwa? Swali hilo ni la haki.

Basi, mutu akikuambia dawa yake inaponyesha wakimbizi, usimutukane. Muulize tu: "Mulilinganisha na nani?" Mama zetu wanastahili hilo swali.